Omba muhuri kwenye kopi yako

Wandugu vijana wa Uvira, kutoka Kavimvira mpaka Kalundu,

Pale kwenye kuta wanapobandika matangazo ya kazi, neno ni moja kila asubuhi: "Kama hauna mutu ndani, unapoteza bure feza ya kopi." Hatutasema ni uongo. Tumeona tangazo likibandikwa Ijumaa jioni, na mwisho wa kupokea dosie ni Jumatatu asubuhi. Tumeona dada zetu wakiombwa "ya soda", na mara ingine kitu kibaya kuliko feza. Hayo tunayakataa.

Lakini kuna jambo hatupendi kulisema, juu linatugusa sisi wenyewe. Wengi wetu tunatafuta kazi kama wenye kucheza bahati nasibu. CV ni ya miaka mitatu iliyopita, namba ya simu haiko tena hewani. Barua moja inapelekwa ku ONG ya maji, ku shule na ku benki, jina la shirika lingine likiwa lingali juu yake. Kisha tunasema wakubwa wametukatalia. Na mkubwa mwenye kumuweka mpwa wake, akiulizwa, anajibu kwamba dosie zetu hazikukamilika. Kinachouma ni kwamba mara nyingi anasema kweli.

Mwenzetu mmoja wa Kasenga anafanya tofauti. Kila barua anaitoa kopi mbili. Moja anaiacha, ya pili anaomba katibu aipige muhuri na tarehe. Ana kadaftari: alipeleka wapi, nani alipokea, atarudi siku gani. Tulikuwa tunamcheka. Siku moja biro fulani ilimwambia dosie yake haikufika kamwe. Akatoa kopi yenye muhuri wao. Dosie ikapatikana ndani ya karto, chini ya meza!

Akaitwa ku teste, akashindwa. Hakuishia hapo: aliomba aonyeshwe pointi zake, akakuta ameanguka kwenye Excel. Mwezi mzima alikuwa anaazima mashini jioni kwa rafiki. Leo anahesabu mizigo bandarini Kalundu, kazi ya siku kwa siku, si ile ya diplome yake. Barua anaendelea kuandika.

Hatusemi bidii inazaa kazi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilizimika katika miaka ya 1990, na hakuna CV yenye kukifufua. Katiba ya 2006, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu mtakatifu wa kila Mkongomani, na Serikali ndiyo yenye kuhakikisha haki hiyo. Sisi tunapenda kuimba upande wa haki tu. Lakini tukienda kwa mkaguzi wa kazi kudai, ataomba karatasi. Dosie kamili yenye muhuri ni ushahidi. Bila hiyo tunabaki na kelele.

Kwa wenye kuajiri: pigeni muhuri bila kununa, acheni muda wa kutosha, bandikeni majina na pointi za wote waliofanya teste.

Na wewe mwenye dosie nusu, njoo nayo tuipange pamoja. Leta diplome, leta kopi, na namba ya simu yenye kupatikana, siyo ya jirani.