Mshipi wa Kipupwe Katika Bwawa la Mindu

Kila mwaka, kati ya Juni na Agosti, wavuvi wa mshipi katika bwawa la Mindu hupata siku ambazo mtu hukaa mtumbwini tangu alfajiri hadi adhuhuri pasipo chambo chake kuguswa. Ukungu hushuka kutoka Uluguru, upande wa Mlali ukawa hauonekani, na maji huwa baridi kiasi cha kumfanya perege ajitulize chini na kusahau kula. Wenye haraka huiita siku hiyo siku ya hasara. Sisi hatuiiti hivyo, na tunadhani viongozi wanaohusika na bwawa hilo wana sababu ya kuitazama kwa makini.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kusi likivuma kwa nguvu, ngalawa hupandishwa pwani na wenyewe hushona nyavu. Huko bara upepo huohuo hufika ukiwa umepoa, na kinachomzuia mvuvi si mawimbi bali tabia ya samaki mwenyewe. Perege ni samaki wa maji ya uvuguvugu. Joto la maji likishuka kukaribia nyuzi 20, hula kidogo na huacha kuzaa. Kwa hiyo ndoana tupu ya Julai si ushahidi kwamba samaki wamekwisha. Mvuvi mzoefu analijua hilo. Husubiri jua lipande, kisha husogeza mtumbwi taratibu kwenye maji yaliyopata joto, hurefusha mshipi, na huridhika na perege wawili watatu kwa ajili ya kitoweo.

Hatari huanza pale asiye na subira anapoamua kumfuata samaki kwa kokoro au kwa chandarua cha mbu. Zana hizo hazijali kipupwe. Hukomba hata vifaranga ambavyo vingekuwa samaki wa mwaka unaofuata. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake zinakataza uvuvi haramu wa namna hiyo, lakini afisa anayefika bwawani mara moja moja, tena mchana, atawakuta watu wa mshipi tu. Tungesikitika kama hao ndio wangekuwa wa kwanza kusumbuliwa kwa sababu tu ndio wanaoonekana.

Wapo watakaouliza, perege ni kitu gani hata astahili tahariri? Tunawakumbusha kwamba perege wa asili ya mto Wami, waliokuwa wakifugwa Unguja, walipelekwa hadi Malacca, na mwaka 1960 mtaalamu Hickling alieleza jinsi madume yao, walipochanganywa na majike wa jamii nyingine ya perege, yalivyozaa watoto madume matupu. Ugunduzi huo ulisaidia sana ufugaji wa samaki duniani. Leo sato wamepandikizwa katika maji mengi ya nchi yetu, nao huzaana na perege wenyeji hata ukoo wa asili ukapotea. Mali ambayo wageni waliifuata kwa meli, sisi tunaiacha iishe pasipo hata kuihesabu.

Lakini jambo zito zaidi halimo ndani ya maji. Bwawa la Mindu, ambalo ndilo tegemeo kubwa la maji ya mji wa Morogoro, hulishwa na mto Ngerengere pamoja na mito ya Mzinga, Lukulunge, Mgera na Mlali. Wakulima wa Mlali ni hodari wa nyanya na mboga, nasi tunakula jasho lao. Hata hivyo, jembe linalolima hadi kwenye ukingo wa mto hushusha udongo bwawani, na udongo huo huishia kwenye maji mafupi, mahali palepale dume la perege linapochimba kiota chake. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa. Mlali iko katika Wilaya ya Mvomero, na bwawa liko katika Manispaa ya Morogoro. Udongo haujui mpaka huo. Je, halmashauri hizi mbili na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu hukutana mara ngapi na wavuvi katika meza moja?

Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapumzike. Hatushauri Mindu ifungwe vivyo hivyo. Baridi imekwisha kumpumzisha perege, na kumnyima mwenye ndoana moja kitoweo chake hakutaongeza samaki. Afadhali tuige wavuvi wa Kisiwa Panza kule Pemba na wa Jibondo kule Mafia, ambao hukubaliana wao wenyewe kulifunga eneo fulani la pweza kwa miezi michache na kulilinda kwa zamu. Huku Mindu yangefungwa midomo ya mito na maji mafupi wakati joto linaporudi na samaki kuanza kuzaa, na walinzi wakawa haohao wa mshipi, maana hao hushinda majini siku nzima na huona kila mtego unaowekwa.

Tena wakati ni huu. Serikali imekusudia kuinua kimo cha ukuta wa bwawa, na maji yatakapopanda ukingo utasogea. Tunaziomba Mvomero na Manispaa zipime mita 60 kutoka ukingo huo mpya na kuweka vigingi mapema, mbele ya wakulima na wavuvi, kabla mtu hajapanda mche wa nyanya mahali ambapo atakuja kuondolewa.