Buku wa Uluguru Hana Buku

Neno buku lina maana mbili katika kamusi za Kiswahili, na maana hizo zimekaa jirani miaka mingi bila ya kusalimiana. Buku ni panya mkubwa wa porini, mwenye mkia mrefu unaogeuka mweupe kuelekea nchani, na mashavu yenye mifuko ya kubebea chakula. Buku pia ni kitabu kikubwa. (Maana ya tatu, ile ya noti ya shilingi elfu moja, ni ya vijana wa mjini na waachiwe wenyewe.) Mwenye sikio la ushairi atatambua kuwa lugha imekwisha kufanya mzaha wake hapo, na kwamba ndani ya mzaha huo mna shutuma: buku wa kwanza bado anangoja buku la pili.

Shutuma hii inawahusu khasa wale wanaochagua miswada ya watoto, pamoja na walimu na wahakiki wanaowaunga mkono. Dai lao linajulikana. Husema kwamba mnyama mdogo katika Kiswahili ana mahali pake tangu zamani, napo ni katika ngano. Kwamba Sungura anatosha. Kwamba kisa cha mnyama kisizidi kurasa ishirini na nne, kiwe na picha kila ukurasa, na mwishoni kiwe na funzo lililoandikwa waziwazi likifuatwa na maswali ya ufahamu. Riwaya nzima ya njozi, yenye sura thelathini, ambamo kiumbe kidogo husafiri, hupotea, hufiwa, na kurejea akiwa si yule aliyeondoka, hiyo ati ni ada ya Wazungu na mtoto wa Kiswahili haiwezi.

Dai hili si kweli, na ushahidi wa kulipinga ulitoka Unguja. Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Miongoni mwake imo hadithi ya Sultani Darai. Masikini mmoja anayechakura jaani anaokota thumni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa huyo ndiye anayeibeba hadithi yote. Anasema kama binadamu, anasafiri, anapeleka almasi kwa sultani wa mbali, anamposea bwana wake binti wa kifalme, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumtwalia bwana wake jumba la nyoka huyo. Kisha paa anaugua. Yule aliyetolewa jaani hataki hata kwenda kumtazama. Anaagiza mgonjwa apikiwe uji wa mtama, basi. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo na mzoga wake unatupwa kisimani. Watoto wa Unguja waliisikia hadithi hiyo gizani, pasi na picha hata moja, wakalia, wakalala, na kesho yake wakataka wasimuliwe tena. Hakuna aliyewapa maswali ya ufahamu.

Shaaban Robert naye hakumwogopa mnyama. Katika Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ndugu wawili wahaini wanageuzwa manyani. Mkondo wa kisa hicho unatoka Alfu Lela u Lela, ambako ndugu hao ni mbwa. Mwandishi wa Tanga alijua ni mnyama gani atakayemshtua msomaji wake. Na kwa upande wa tafsiri, Elisi alikwisha kuingia katika nchi ya ajabu mwaka 1940, kwa kalamu ya E. V. St Lo Malet, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akamwingiza tena kwa Kiswahili kipya. Kwa hiyo lugha inaziweza njozi. Anayesema haiwezi anazungumzia uvivu wa mezani kwake.

Lakini tafsiri peke yake haitalimaliza jambo hili, na sababu yake inaonekana mara moja mtu akijaribu kumleta Kenneth Grahame pwani. The Wind in the Willows, riwaya yake ya mwaka 1908, ina wanyama wanne wakuu waishio kando ya mto wa Kiingereza. Chura si taabu. Fuko yupo pia, na kila mkulima wa viazi anamlaani kwa jina. Panya wa majini, aliye mshairi wa kitabu hicho na mpenda mashua, akifika katika Kiswahili anabaki kuwa panya tu, na msomaji anakunja pua kabla shairi halijaanza. Wa nne ndiye msiba. Ni mzee mkimya wa msituni, mpenda upweke, mwenye haya na heshima zake; na jamaa yake anayejulikana Afrika ya Mashariki ni nyegere. Nyegere! Mwizi wa asali, asiyeogopa nyuki wala simba, ambaye sifa zake nyingine wazee huzisimulia watoto wakishakwenda kulala. Mfasiri anaweza kulivusha jina, lakini mnyama mwenyewe anabaki ng'ambo. Kinachofika ni nguo yake.

Aliyelielewa hilo vizuri zaidi ni Richard Adams. Watership Down ni kilima cha kweli katika jimbo la Hampshire, na mtu anaweza kukipanda leo kwa miguu. Adams alianza kwa kuwasimulia binti zake wawili hadithi ya sungura wakiwa safarini ndani ya gari. Alipoiandika, wachapishaji kadhaa waliikataa, hata ikatoka mwaka 1972. Sungura wake hawavai koti wala hawanywi chai. Wanakula majani, wanachimba, wanaogopa, na tabia zao Adams alizisoma katika kitabu cha mtaalamu R. M. Lockley juu ya maisha ya sungura. Juu ya ukweli huo wa udongo ndipo alipojenga njozi: akawapa lugha yao, dini yao, na shujaa wao wa kale, mwerevu, mwizi, mdanganyifu wa wafalme, ambaye visa vyake husimuliwa ndani ya shimo wakati wa hofu.

Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa anafanana na nani. Wale wanaodai kuwa Sungura wa ngano anatosha hawajaona kwamba thamani yake ingekuwa kubwa zaidi kama angekuwa ndiye hekaya ya wanyama wenyewe, kisa anachosimuliwa mtoto wa buku na nyanyake ndani ya shimo, juu kukiwa na vishindo vya majembe. Ngano haikosani na riwaya. Riwaya huipa ngano msikilizaji mpya.

Kilima nacho kipo. Na avuke maji msomaji wa visiwani, ashike barabara ya bara hadi Morogoro, mji ambao pwani inaujua zaidi kwa muziki wa Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe. Milima ya Uluguru imeuinamia mji huo hata asubuhi jua huchelewa upande wa mlimani. Kilele cha Lupanga kinapita mita 2,100, na Kimhandu, kusini zaidi, mita 2,600. Maji ya mito yake huingia Ruvu, na Ruvu ndiyo inayowanywesha watu wa Dar es Salaam. Katika misitu yake wamo ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Yumo pia sange, mnyama mdogo mwenye pua iliyorefuka kama mkonga, ambaye wataalamu wa ulimwengu siku hizi wanamwita sengi, jina walilolichuma katika lugha za Kibantu. Wao walilitaka neno hilo; katika hadithi za Kiswahili ni nadra kulikuta.

Na chini ya milima hiyo, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, limekuwa likitendeka tangu mwaka 2000 jambo ambalo mtunzi wa njozi angeona haya kulibuni. Shirika la APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, huwafunza panya buku kunusa baruti ya mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mafunzo huchukua kiasi cha miezi tisa. Buku husikia mlio mdogo, akajua kuwa amepatia, akapewa kipande cha ndizi. Hufungwa mkanda mwilini, akapita kwenye kamba iliyovutwa baina ya watu wawili, huku na huku, hata aliponusa pale akaparua udongo. Uzito wake ni kama kilo moja na ushei, hautoshi kulilipua bomu. Kwa kuwa ni mnyama wa usiku, hufanya kazi alfajiri na mapema, na masikio yake na mkia hupakwa mafuta ya kumkinga na jua. Wengine hunusa makohozi ya wagonjwa wakitafuta kifua kikuu, kazi iliyoanza Tanzania mwaka 2007.

Magawa alizaliwa Morogoro mwaka 2013. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini na mabaki mengine ya silaha zaidi ya 100. Septemba 2020 shirika la Uingereza la PDSA lilimpa nishani ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu mwaka 2021, akafa Januari 2022. Mwenziwe Ronin, mzaliwa wa Tanzania vilevile, alitangazwa mwaka 2025 kuwa amevunja rekodi kwa kugundua mabomu 109. Vitabu vya watoto vya Kiingereza juu ya Magawa vimekwisha kuandikwa. Mtoto wa Mgeta anayetaka kusoma habari za panya wa kwao amwombe kwanza mtoto wa London.

Hapo itabidi kusema jambo ambalo huenda likawaudhi hata wanaokubaliana na yaliyotangulia. Siku mchapishaji atakapoamka, kishawishi kitakuwa ni kuandika kisa cha Magawa mwema, Magawa mtiifu, Magawa aliyeitoa nafsi yake kwa ajili ya binadamu, mwenye nishani kifuani na funzo mkiani. Hicho kitakuwa ni uongo juu ya mnyama na dhuluma juu ya hadithi. Buku hajui nishani. Anajua ndizi. Hajui kuwa kuna vita vilivyokwisha wala kuwa kuna mtoto atakayepita pale na mguu wake ukasalimika. Riwaya yenyewe imo katika umbali huo, baina ya anachokitafuta mnyama na anachokipata mtu: kiumbe aliyetolewa katika giza lake, akapelekwa juani nchi ya mbali, akitafuta kitu asichokijua kwa ajili ya watu asiowaelewa. Paa wa Sultani Darai angemwelewa mara moja.

Wapo watakaosema panya ni mnyama wa kuchukiza, mharibifu wa mahindi, na wa kwamba kwingine buku ni kitoweo. Yote ni kweli, na yote yaingie kitabuni. Mnyama asiyekuwa na adui hana hadithi. Kwa buku, mkulima wa Uluguru ni adui mwenye historia ndefu: mwaka 1955 wakulima wa milima hiyo walisimama kupinga amri ya wakoloni ya kuwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Fikiria mwaka huo ukitazamwa kutoka chini, kwenye mashimo yanayokatwa na majembe ya watu ambao nao hawayataki hayo matuta. Hakuna mwanahistoria anayeweza kuandika sura hiyo. Mtunzi wa njozi anaweza.

Kazi yake ya kwanza haitakuwa ya mezani. Buku wa riwaya hii hawezi kusema Kiswahili cha redio. Atasema Kiswahili chenye Kiluguru ndani yake, kama wasemavyo wauza mboga wanaoteremka na matenga kutoka Mgeta. Kabla ya kuandika sentensi moja, mtunzi apande huko na Matombo, na Kinole kwenye himaya ya Kingalu, mwenye sifa ya mvua, awaulize wazee buku anaitwaje katika kila kijiji, yupi huliwa na yupi haliwi, na usiku akipita karibu na nyumba husemwa nini. Achukue daftari kubwa.