Mabinti na Shamba la Ukoo

Twasikia mara nyingi barazani, hata mlangoni pa kanisa baada ya sala, watu wazima wakisema, "Haki za binadamu ni mambo ya Wazungu, sisi tuna mila zetu." Nao wasemao hayo, twawatazama, ni wanaume wenye mashamba. Hatujamsikia bado mjane aliyetolewa nyumbani akiyasema.

Je! binti za Selofehadi walikuwa Wazungu? Baba yao alikufa jangwani bila mwana wa kiume. Wakasimama mbele ya Musa na wakuu wote, wakadai fungu lake, wakapewa. Kweli, wazee wa jamaa zao waliogopa ardhi isitoke kabilani, nao pia wakasikilizwa. Na jirani zetu Waislamu, Kurani imemwekea binti fungu lake, nusu ya lile la nduguye. Si sawasawa, walakini hapana baba mdogo awezaye kumwambia, "Wewe huna kitu."

Sasa tutazame kisa cha Muleba. Bibi mmoja wa Kihaya alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ukamjia, hana wa kumtunza, na mwaka 1988 akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, kwa shilingi 300,000. Mwana wa nduguye akashitaki, ati mwanamke hana ruhusa kuuza. Naam, kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zilisema hivyo: mwanamke ale matunda ya shamba la ukoo, asiliuze. Lakini mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, huko Mwanza, akaamua kwamba kanuni hiyo yapingana na haki zilizotiwa katika Katiba ya Tanzania mwaka 1984, na kwamba mwanamke ana ruhusa ile ile ya mwanamume.

Wengine walilia kwamba mila imeuawa. Imeuawaje? Ukoo waweza kulikomboa shamba kwa kurudisha bei, kama ilivyo desturi mwanamume anapouza. Tena mzee auzaye kiwanja cha babu yake kwa mgeni apate kununua pikipiki, hataji mila hata kidogo. Bibi kizee akiuza apate kula, ndipo mila inapofufuka!

Mwenye kutupinga na alete hoja zake, tutazisoma. Ila kwanza atuambie, katika wosia wake mwenyewe, binti zake amewaandikia nini.