Wazazi, tusiwaibie watoto wetu hatua zao

WAHENGA walinena kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na aghalabu tuliisikia fimbo ikiwa tayari mkononi mwa mtu mzima. Ilifanywa kuwa hati ya kuhalalisha kiboko. Hata baada ya serikali kupiga marufuku adhabu ya viboko shuleni mwaka wa 2001, wako wazazi na walimu ambao hawaijui maana nyingine ya methali hiyo. Leo namwomba msomaji aniruhusu niitumie kwa maana tofauti, maana niliyofundishwa na binti yangu mwenyewe mbele ya hadhara ya watu.

Yalinifika mwaka wa 2022. Binti yangu alikuwa Gredi ya Nne. Jioni moja ya Jumapili, vyombo vimekwisha kuondolewa mezani na sare za shule zimekwisha kupigwa pasi, alinijia akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mwalimu wa Kilimo aliwaagiza watengeneze sanamu ya kufukuzia ndege shambani, na kwamba kazi hiyo ilitakikana kesho yake asubuhi. Kila mzazi aliye na mtoto katika mtaala wa umilisi anaijua Jumapili ya aina hiyo.

Nilimuuliza kwa nini hakusema tangu Ijumaa. Akanyamaza. Nilitazama saa, nikautazama uso wake uliojaa usingizi, nikamwambia: "Nenda ukalale, mwanangu. Mimi nitamalizia." Kusema kweli hapakuwa na cha kumalizia, kwa maana hakuna aliyekuwa ameanza.

Nilipasua mbao za kitanda kikuukuu, nikazipigilia misumari zikawa mfano wa msalaba, nikafunga mikono kwa waya. Nilijaza gunia nyasi kavu, nikalivisha koti langu la zamani, na kichwa nikakifanya kwa kibuyu. Saa sita ya usiku ilinikuta nikichora macho kwa kipande cha makaa. Sitaficha ukweli: niliona fahari. Hata ningekuwa ndege, nilijiambia, nisingethubutu kutua karibu na kiumbe yule.

Sanamu hiyo ilipewa alama ya kuzidisha matarajio. Baada ya majuma mawili, wazazi tukaalikwa shuleni kutazama kazi za watoto wetu. Sanamu zilikuwa zimepangwa kando ya ua, nyingine zimevaa suti na tai. Mwalimu, mtu muungwana asiye na nia mbaya, alimwomba binti yangu awaeleze wageni jinsi alivyoifunga ile mikono hata isilegee. Mtoto aliinamisha kichwa, akavitazama viatu vyake. Kisha akasema kwa sauti iliyotufikia sote: "Ni Baba aliyeifunga, Mwalimu. Mimi nilikuwa nimelala."

Wazazi waliangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha kunibeza, bali kilikuwa kicheko cha washirika, kwani kila mmoja wetu alijua sanamu ya mwanawe ilifungwa na nani. Lililonichoma lilikuja baadaye, tulipokuwa njiani kurudi nyumbani. "Baba," aliniuliza, "kwani yangu ingekuwa mbaya sana?"

Nilikosa jibu. Kwa usiku mmoja nilikuwa nimemfundisha mtoto kwamba mikono yake haitoshi, na kwamba shule inaweza kudanganywa maadamu baba ni fundi. Hayo hayamo katika silabasi yoyote, lakini aliyaelewa barabara.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizikumbuka hatua za wanangu tangu utotoni, nikijiuliza ni wapi nilipopotoka. Mtoto alipozaliwa tulingoja akaze shingo. Tukangoja aketi bila mto, atambae, asimame dede, kisha aende tata huku akiyumba kama mlevi. Katika kungoja huko tulikuwa na pupa, wala sikanushi. Mama wa jirani alikuwa hachoki kututangazia kwamba wake alitembea akiwa na miezi tisa, ilhali wetu alikuwa na miezi kumi na minne na bado alikuwa akizungukia viti. Usiku tulikosa usingizi kwa jambo lisilostahili. Shirika la Afya Duniani lilichapisha mwaka wa 2006 matokeo ya uchunguzi wa watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Ilionekana kuwa watoto wenye afya njema huanza kutembea peke yao wakati wowote kati ya miezi minane na miezi kumi na minane hivi, na kwamba takribani wanne katika kila mia hawatambai kwa mikono na magoti kamwe. Kila mja ana kalenda yake.

Hata hivyo, pamoja na pupa yetu yote, kuna jambo tulilolifanya sawasawa. Tulimshika mtoto mikono miwili, kisha mmoja, kisha kidole tu. Halafu tukajitenga naye hatua tatu, tukachuchumaa, tukamwita kwa jina. Akaanguka. Tukampa pole, tukampangusa vumbi, tukamsimamisha tena. Sijawahi kumwona mzazi akimbebea mtoto wake hatua ya kwanza kisha akawatangazia jamaa kuwa mtoto ametembea. Mtu kama huyo tungemwonea huruma.

Basi ni lini hekima hiyo ilitutoka? Kwa maoni yangu ilitutoka pale hatua za mtoto zilipoanza kupewa alama. Maadamu jambo ni la nyumbani, tunalo subira. Jino la kwanza likilegea mtoto akiwa na umri wa miaka sita hivi, tunamwacha alitikise mwenyewe kwa ulimi hadi ling'oke, na katika baadhi ya jamii zetu analirusha juu ya paa ili aletewe jingine. Siku ya kwanza tunapomtuma dukani kununua chumvi, tunasimama mlangoni tukimchungulia mpaka akate kona, na akirudi na chenji kamili tunamsifu kama aliyerejea kutoka safari ya mbali. Lakini jambo hilo hilo likiingia katika daftari la mwalimu, mikono yetu huanza kuwasha.

Sisi tulioanza shule zamani tunakumbuka kipimo cha sikio. Mtoto aliambiwa apitishe mkono juu ya kichwa aguse sikio la upande wa pili. Mkono ukifika, anaandikishwa darasa la kwanza. Usipofika, anarudi nyumbani akaongeze mwaka. Kilikuwa kipimo chenye kasoro nyingi, nami sitamani kirudi. Lakini kilikuwa na sifa moja: hapakuwa na mzazi aliyeweza kumwazima mwanawe mkono.

Sisemi kwamba enzi zetu tulikuwa malaika. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka wa 1985 ulileta masomo ya kazi za mikono, na wengi wetu tulinunua vikapu na fagio sokoni tukavipeleka shuleni kama kazi tuliyoitolea jasho. Mimi niliagizwa nichonge mwiko. Nilimwomba marehemu baba anichongee, kwa kuwa alikuwa na mkono mwepesi wa useremala. Alinipa kipande cha mti na kisu, akaketi kando yangu, akanionyesha namna ya kukielekeza kisu mbali na kidole. Zaidi ya hapo hakugusa. Nililia kwa hasira, naye akaniacha nilie. Mwiko wangu ulitoka umepinda, nami nikapata alama 11 kwa 20. Mama aliusongea ugali kwa miaka mingi, akidai kwamba upindo ule ndio unaoufikia vizuri ukingo wa sufuria.

Sasa ndipo ninapoielewa ile methali. Baba hakuchelea kilio changu, na wala hakuhitaji kunipiga ili nilie. Kilio ambacho wahenga walituonya tusikichelee si lazima kiwe kilio cha fimbo. Kipo kilio cha mtoto ambaye kazi yake imekataa kusimama, na ambaye mzazi wake ameketi hapo hapo, anamwona, na hamnyang'anyi. Mimi usiku ule nilichelea kilio cha namna hiyo, nikampeleka mtoto kitandani, na aliyelia mwishowe nikawa mimi.

Kuna watakaosema kuwa nalikuza jambo dogo. La hasha. Tathmini za shuleni si mchezo tena. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu walipofanya mtihani wa KJSEA mwaka wa 2025, asilimia 20 ya alama za kuwapangia shule za sekondari ya juu zilitengewa tathmini walizofanyiwa shuleni katika Gredi ya 7 na ya 8. Alama za Gredi ya Nne huenda zisimfikishe mtu mbali, lakini mazoea huanzia huko. Mtoto aliyezoea kufanyiwa sanamu akiwa na miaka kumi atatarajia kufanyiwa mradi akiwa na miaka kumi na minne.

Fauka ya hayo, kuna suala la haki. Kando ya sanamu yangu siku ile palisimama nyingine ndogo ya vijiti viwili na kitambaa, imeelemea upande. Mwenyewe alikuwa mvulana ambaye mamaye huuza mboga na hurudi nyumbani usiku. Hakuwa na wa kumfungia mikono, kwa hivyo aliifunga mwenyewe. Alipewa alama ya kukaribia matarajio. Mimi, mtu mzima mwenye nyundo na waya, nilishindana na mtoto wa miaka kumi nikamshinda, na shule ikaniandikia ushindi. Nikilikumbuka hilo, fahari yote ya ule usiku inanigeukia aibu.

Nayajua malalamiko ya wazazi, na mengi nayaunga mkono. Kazi nyingine zinazoagizwa zinamzidi mtoto kimo. Nyingine zinadai picha za kuchapishwa, rangi na karatasi za manila ambazo fedha zake zingenunua unga. Si mtaala wenyewe unaosema mtoto afanyiwe. Ni sisi watu wazima, nyumbani na shuleni, tuliokubaliana kimyakimya kuutazama uzuri wa kitu badala ya kumtazama aliyekitengeneza.

Kwa hivyo ninayo maombi matatu. Kwa walimu, ambao najua madarasa yao yamefurika, naomba kazi ya mikono ifanywe darasani au uwanjani kila inapowezekana, kwa vitu vinavyookotwa mahali hapo. Isipowezekana, mwulizeni mtoto maswali mawili kabla ya kumpa alama: ulianzaje, na ni wapi palipokushinda? Aliyefanya mwenyewe atajibu bila kusita. Na kitu kilichopinda kiheshimiwe kikiwa ni cha mwenyewe.

Kwa wanafunzi, nawaambia kwamba mnayo haki ya kutuzuia. Mzazi anaposhika mkasi na gundi, mwambieni kwa adabu: "Baba, nionyeshe, lakini uniachie." Semeni pia Ijumaa, msingoje Jumapili usiku, kwa kuwa mnapochelewa mnatupa kisingizio.

Kwa wazazi wenzangu, sina la kuwafundisha ambalo hamkulijua mwanenu alipokuwa akisimama dede. Kaeni karibu. Nyosheni kidole. Kisha ondoeni kidole.

Majuma machache baada ya aibu ile, niliibomoa sanamu yangu, nikampa binti yangu vipande vyake. Aliijenga upya katika kijishamba chetu cha sukuma wiki nyuma ya nyumba. Ilianguka mara tatu. Mara ya pili alilia, na niliketi juu ya ndoo nimefumbata mikono, nikiona taabu ambayo sikuipata usiku ule wa kupigilia misumari. Mara ya nne ilisimama, shingo imelegea na mkono mmoja mfupi kuliko mwingine. Ndege hawakuiogopa sana, na mara moja nilimwona kuku ametulia begani pake.

Binti yangu sasa amevuka shule ya msingi. Mwezi uliopita alitengeneza kitu kingine cha shule, nami sikujua mpaka kilipokwisha kukusanywa. Nilipomuuliza kilikuwa kizuri kiasi gani, alinijibu: "Kilisimama, Baba."