Uzoefu Unauzwa Duka Gani?

BARAZANI, na Bin Kibaraza

Naandika wiki hii hali nina ghadhabu, na tabibu wangu, ambaye wasomaji wa safu hii wanamjua kwa makatazo yake ya halwa na wananijua mimi kwa kuyavunja, asinilaumu presha ikipanda, maana safari hii haikupandishwa na sukari. Imepandishwa na mtu mzima, mstaafu, mwenye kilemba kilichofungwa kwa ustadi na bakora yenye mpini wa fedha, aliyemtia adabu mbele ya hadhara kijana asiyekuwa na kosa.

Ilikuwa usiku wa Alhamisi, katika milka, yaani hafla ya kufunga nikaha, ya jamaa zetu huko Al Khoud. Wanaume tumejaa majlisini, khutba imeshasomwa, ubani unazunguka, na kahawa inazungushwa, dele mkono wa kushoto na finjani mkono wa kulia kama inavyopasa, na kijana wa ukoo wetu ambaye nyumba nzima humwita Kepteni. Lakabu hiyo alivishwa na shangazi zake usiku ule aliporejea kutoka Afrika ya Kusini na leseni yake ya urubani wa biashara, leseni ambayo mama mtu aliiuzia bangili zake za mahari na baba mtu kiwanja chake cha Barka, nao wakaona wamefanya biashara njema. Tangu siku hiyo, ukiondoa mitihani, Kepteni hajapanda ndege ila kwa tikiti.

Yule mstaafu, ambaye alimaliza umri wake wa kazi katika ofisi za mambo ya anga na kwa hiyo hujiona ana haki ya kuhutubu kila panapotajwa mbawa, alipokea finjani yake, akanywa, na kabla hajaitikisa kuashiria kuwa ametosheka, akauliza kwa sauti iliyofika hata mlangoni penye viatu:

“Kepteni, unaruka na nani siku hizi?”

“Bado natafuta, ami.”

“Masaa unayo mangapi?”

“Mia mbili na ushei, ami.”

Akacheka. “Mia mbili! Hayo ni ya kuchezea, mwanangu. Kapate uzoefu kwanza, halafu ndio uombe kazi. Nyinyi vijana wa leo mna tabu moja, hamtaki kuanzia chini.”

Kijana akasema “Inshallah, ami”, akamwongeza kahawa, akapita kwa mwengine. Mimi halwa ilinisimama kooni, na wanaonijua watakubali kuwa jambo hilo halijapata kutokea.

Maana niliwahi kulifungua daftari la masaa la kijana huyu, na laiti yule bwana naye angalilifungua, angaliona aibu. Ni daftari la jalada gumu, na kila mstari wake una tarehe, namba ya ndege, kiwanja alichotoka na alichofikia, dakika alizoruka na mwalimu na alizoruka peke yake, usiku mbali na mchana mbali, na chini ya kila ukurasa jumla na sahihi. Kurasa za mwanzo zimejaa wino. Kisha mistari inakuwa adimu, moja kwa miezi kadhaa, nayo si ya safari bali ni ya mitihani ya kuihuisha ruhusa yake ya kuruka kwa vyombo, ambayo isipohuishwa hufa. Kadhalika cheti cha afya cha daraja la kwanza, ambacho kwa mtu wa umri wake hudumu mwaka mmoja tu: macho, masikio, moyo, damu, na kila kipimo kina bei yake. Basi kijana huyu asiyekuwa na mshahara hulipa kila mwaka ili abaki na haki ya kuutafuta mshahara, na babake anamlipia kutokana na pensheni yake. Huyo ndiye asiyetaka kuanzia chini!

Nawauliza mabwana wa uzoefu: hiyo chini ni wapi? Kanuni za kimataifa zinampa mtu leseni ya biashara kwa masaa 200, na kwa baadhi ya masomo yaliyopangwa pamoja hata 150. Wala sheria haimkatazi mwenye leseni hiyo, akisha kufundishwa aina maalumu ya ndege, kukaa kiti cha kulia cha jeti kama rubani msaidizi. Masaa 1,500 ni ya leseni kubwa, ile ya atakayekuwa mkuu wa chombo. Lakini fungua tangazo lolote la kazi uone: masaa 1,500, au 500 katika aina ile ile ya ndege tuliyonayo sisi. Yaani mtu aje nayo kutoka kwao, kama mahari! Wamarekani nao tangu 2013 wameweka masaa 1,500 kwa walio wengi wanaotaka kurusha abiria wa mashirika yao, ila kule shule za urubani zimetapakaa, na kijana aliyefuzu jana leo anafundisha wenziwe, akijaza daftari lake huku akilipwa. Hapa kwetu atamfundisha nani, mbuzi wa Jabal Akhdar?

Kwa ndugu zetu wa Afrika Mashariki ngazi ya uzoefu ina vipago vya chini. Pale kiwanja cha Wilson, Nairobi, na pale Unguja na Dar es Salaam, ziko ndege za Caravan za injini moja, zenye viti kumi na kitu, zinazopeleka watalii Mafia, Pemba na viwanja vya udongo vya Serengeti, na humo vijana huanza kuvuna masaa, japo huko nako foleni ni ndefu. Oman imeneemeka hata kipago hicho imekiruka: ukienda Salala ni jeti, ukienda Duqm ni jeti. Tunayo Oman Air tangu 1993 na SalamAir tangu 2017, na miaka hii ya karibuni Oman Air ilipojipanga upya na kuziacha Airbus A330 zake, hata wazoefu walianza kutazamana, sembuse Kepteni wetu.

“Basi na aende Unguja,” aliniambia mpwa wangu, mjuzi wa kila jambo. Ndiyo, aende. Bibi yake kijana alizaliwa Vuga, na Kiswahili chake kitamu kuliko changu. Lakini afisa wa uhamiaji hamtazami bibi, hutazama pasi, na kwa pasi ile Kepteni ni mgeni anayehitaji kibali cha kazi, katika nchi ambayo ina vijana wake wenye masaa mia mbili na ushei. Hapa ni Mzanzibari anapochekwa matamshi ya Kiarabu chake, na kule ni Mmanga anapoomba kazi.

Wazee wetu, Mwenyezi Mungu awarehemu, hawakuwa na upuuzi huu. Mtoto wa Sur alipandishwa jahazi hajui tanga wala foromali, akawekwa jikoni, akateka maji, akashika kamba, msimu kwa msimu akafika kwenye usukani, na waliojaaliwa wakawa manahodha waliopeleka tende Unguja na kurudi na boriti, wala sijasikia kwamba palikuwa na nahodha aliyesimama ufukweni akamwambia mtoto, “Kaizoee bahari kwanza, kisha uje nikupakie.”

Najua nitajibiwa kwamba anga si mchezo na roho za watu ni amana. Naam, ni amana, na ndiyo maana rubani msaidizi huketi ubavuni mwa kepteni aliyekomaa, baada ya kupigishwa simyuleta mpaka aote injini inawaka moto. Masaa ya kwanza ya jeti marubani walio wengi waliyapata kwa sababu palikuwa na shirika lililokubali kugharimika. Wanaokataa leo wanataka kula alichopika jirani, na jirani akikataa kupika wanalia kwamba nchi haina marubani wazoefu, kisha wanaleta wageni. Na wako duniani wenye haya chache zaidi, wanaomtaka kijana alipe yeye ili wamkalishe kwenye kile kiti, nao huku wanauza tikiti za ndege ile ile anayoirusha.

Sasa nirudi kwa mheshimiwa wa bakora ya fedha, kwa sababu alipoanza kazi mimi nilikuwapo. Alirejea Muscat kutoka Unguja baada ya 1970, Sultan Qaboos alipowaita Waomani waliotawanyika waje kuijenga nchi, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na skuli tatu, na ndege zake zikitua Bait al Falaj baina ya milima ya Ruwi, kabla ya kiwanja cha Seeb kufunguliwa 1973. Alikuja na Kiingereza cha skuli na ujuzi wa kupiga taipu kwa vidole viwili. Ndege alikuwa ameipanda mara moja, ile iliyomleta. Akapewa meza, na baada ya miaka michache akapewa watu wa kuwaamuru, na kazi akajifunza akiwa ndani ya kazi, akikosea kwa gharama ya serikali, wala hapakuwa na aliyemwambia akatafute uzoefu kwanza. Alianzia juu, akastaafu juu zaidi, na ngazi aliyopandia ameivuta nyuma yake.

Mabwana wa mashirika watakaopenda kunijibu, safu hii iko wazi kwao kwa taadhima zote, ila kwa kuwa wao ni watu wa masharti, nami nina sharti langu: sipokei barua ila kutoka kwa mwenye uzoefu usiopungua miaka miwili wa kutafuta kazi.