Usiihukumu betri kabla ya kuipima

GEREJI NA BARABARA
Na Zuhura Mbwambo

Gari la zamani likigoma kuwaka asubuhi, wa kwanza kulaumiwa ni betri. Fundi anafika, anasikia "ta!" moja chini ya boneti, anatikisa kichwa: "Mama, hii betri imekufa." Betri mpya inafungwa. Wiki mbili baadaye gari linagoma tena, na safari hii inasemwa ni stata. Inafunguliwa, inawekwa ya mtumba. Mwezi haujaisha, altaneta nayo inaingia kwenye orodha. Mwenye gari ameshatoa laki kadhaa, na pengine tatizo lenyewe lilikuwa waya mmoja wa ethi ulioliwa na kutu pale ulipofungwa kwenye bodi.

Jambo hili linaniuma, kwa sababu umeme wa kuwasha na kuchaji ndiyo sehemu ya gari ambayo fundi hana sababu ya kubahatisha. Corolla, Carina na Escudo za miaka ya tisini ambazo bado zimejaa barabarani kwetu zina mfumo mwepesi: betri, stata, altaneta, nyaya nene na swichi. Kila kimoja ukikiuliza kinakujibu kwa namba. Kinachotakiwa ni mita ya kupimia umeme, na mita ya kawaida inapatikana Kariakoo kwa bei isiyokaribia hata kidogo bei ya betri.

Anza na betri yenyewe, gari likiwa limelala usiku kucha bila kitu kuwashwa. Betri nzima iliyojaa inasoma volti 12.6 au juu kidogo. Ikisoma 12.2, imebaki kama nusu. Ikiwa 12 au chini ya hapo imeishiwa chaji, lakini kuishiwa chaji siyo kufa. Ichajiwe kwanza mpaka ijae, ndipo ihukumiwe. Watu wengi wanaumia hapa: betri imeshuka kwa sababu altaneta haichaji, inatupwa, mpya inafungwa, nayo inashuka kwa sababu ile ile.

Ikishajaa, mwombe mtu apige stata huku wewe umeshika mita. Volti zitashuka, na hilo ni la kawaida. Zisiposhuka chini ya 9.6 muda wote stata inapozunguka, betri inafanya kazi yake. Zikiporomoka mpaka saba au sita ilhali ilichajiwa ikajaa, basi sawa, nenda kanunue nyingine.

Na kama mita inabaki kwenye 12 na zaidi, lakini stata haizunguki kabisa? Hapo betri haina kosa. Ama umeme haufiki kwenye stata, ama unafika na stata haiupokei. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, zenye stata ya Denso ya gia, mlio wa "ta!" mmoja kila ukigeuza ufunguo unanipeleka moja kwa moja kwenye solenoidi. Ukifungua kifuniko chake cha nyuma utakuta vipande viwili vya shaba, na katikati kisahani cha shaba kinachosukumwa mbele ili kivigonge vyote viwili kwa pamoja. Kikishavigonga, umeme wa betri unavuka kwenda kwenye mota. Kila gari linapowashwa, cheche inakula shaba kidogo. Miaka ikipita, kipande kimoja kinaliwa zaidi ya mwenzake, kinakuwa chembamba, na kisahani kinafika upande mmoja tu. Kinagonga, unakisikia, lakini hakipitishi kitu. Siku nyingine kinakaa vizuri na gari linawaka kama kawaida, ndiyo maana mwenye gari anaapa kwamba ugonjwa unakuja na kuondoka. Vipande hivyo vinabadilishwa peke yake, mota ikabaki ile ile. Kuuza stata nzima kwa sababu ya vipande viwili vya shaba ni kumwonea mteja.

Nyaya ndizo zinazodanganya kuliko vyote, hasa kwetu tunaoishi na hewa ya chumvi kuanzia Tanga mpaka Mtwara. Nje mpira unang'aa, ndani shaba imegeuka kijani. Stata ya injini ndogo inaweza kuvuta ampea 150. Kwa mkondo huo, ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu unatosha kumeza volti moja na nusu, na ukinzani mdogo hivyo mita ya bei rahisi haiwezi kuuona ukipima omu. Kwa hiyo usipime omu. Weka mguu mmoja wa mita kwenye kichwa hasi cha betri, kichwa chenyewe na siyo kibano chake, mguu wa pili kwenye chuma kitupu cha injini, kisha stata ipigwe. Mita ikionyesha zaidi ya volti 0.2, upande wa ethi una kasoro. Fungua, kwangua, kaza, pima tena. Upande chanya ni hivyo hivyo, kutoka kichwa cha betri mpaka kwenye boliti nene ya stata, na huko nusu volti ndiyo mwisho wa kuvumilia.

Sasa gari limewaka. Kwenye vichwa vya betri mita isome kati ya 13.8 na 14.5, na isianguke sana ukiwasha taa kubwa na feni. Ikibaki 12 na ushee huku inateremka, altaneta haichaji, ila usiifungue bado. Tazama mkanda kama umelegea. Tazama fyuzi. Zima injini, fungua swichi bila kupiga stata, uone kama taa nyekundu ya betri inawaka kwenye dashibodi, maana kwenye altaneta nyingi za zamani umeme unaopitia taa hiyo ndio unaoiamsha altaneta, na balbu iliyoungua inaweza kuifanya ionekane mbovu. Hata ikibidi kuifungua, mara nyingi ni kaboni zilizokwisha, na kaboni si kitu cha gharama. Mita ikipanda juu ya 15 tatizo ni regyuleta: betri inachemka na maji yake yanakauka.

Kuna tabia moja ningependa ife mwaka huu. Fundi anawasha injini, anachomoa terminali ya betri ikiwa inanguruma, na gari lisipozima anasema altaneta ni nzima. Kaka zangu, acheni. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta. Ukiiondoa ghafla wakati inachajiwa, volti zinaweza kuruka kupita mia kwa sehemu ndogo ya sekunde, na daiodi, regyuleta na kompyuta ya injini ya EFI havikutengenezwa kubeba hayo. Tena kipimo chenyewe hakithibitishi lolote, kwa sababu altaneta yenye daiodi moja iliyokufa inaweza kuendelea kuendesha injini huku ikishindwa kuchaji betri inavyotakiwa.

Gari linalowaka vizuri mchana na kugoma likilala siku mbili lina kitu kinachonyonya usiku. Kila kitu kikiwa kimezimwa, mkondo usizidi ampea 0.05. Ukikuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza nusu yake kwa siku mbili hivi. Toa fyuzi moja moja mpaka mita ishuke, na uanze kuulizia redio na alamu zilizofungwa baadaye.

Hasara haiishii mfukoni. Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ni madini ya risasi, na betri iliyotupwa lazima iende mahali. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanajua inakokwenda. Kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu jirani nao kiliwatia sumu ya risasi, watoto wakiwemo, mpaka kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano hayo baada ya mwanawe mwenyewe kuathirika, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kila betri nzima tunayoitupa kwa uvivu wa kupima inaongeza mzigo wa namna hiyo kwa watu wasio na gari.

Wenye magari, ulizeni: "Fundi, imesoma ngapi?" Asiyekuwa na namba hajapima, na msimlipe kwa kukisia. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na wengi wa mafundi hawa wana mikono mizuri kweli kweli. Ombi langu kwa VETA ni moja: kwenye mtihani wa umeme wa magari, liwekwe gari lenye betri nzima, stata nzima na waya wa ethi uliooza, mtahiniwa akabidhiwe mita, na cheti apewe atakayeukamata waya huo bila kugusa boliti hata moja ya stata.