Ukuta wa Chwaka na Kasumba ya Waajemi

Mwalimu anapowafikisha wanafunzi wake kwenye magofu ya Chwaka, jirani na Tumbe katika Wilaya ya Micheweni, swali la kwanza huwa moja: nani alijenga kuta hizi? Na jibu lililo tayari ulimini huwa moja pia: Waajemi. Jibu hilo halikutoka ardhini. Limetoka vitabuni mwa watawala. Meja F. B. Pearce, Balozi Mkazi wa Uingereza katika Zanzibar, alichapisha kitabu chake mwaka 1920, akayahesabu magofu ya visiwa hivi kuwa kazi ya walowezi kutoka Uajemi na Uarabuni. Kwa mkoloni nadharia hiyo ilikuwa na faida kubwa. Ikiwa kila kilicho kizuri katika pwani hii kililetwa na mgeni, basi naye ni mgeni mwingine tu aliyekuja kuendeleza kazi.

Sasa tuuachie ukuta useme. Ukuta hausomwi kwa kutazama tao na mihrabu peke yake. Husomwa kwa kushuka chini kwenye msingi. Mtaalamu huondoa udongo tabaka kwa tabaka kwa mwiko mdogo, huchekecha kila karai, na huutenga udongo uliojaza handaki la msingi na ule uliokuwapo kabla fundi hajaweka jiwe la kwanza. Kigae kilicholala chini ya msingi ni cha zamani kuliko ukuta, au kwa uchache cha umri wake. Kabla ya lolote kugeuzwa, ukuta huchorwa jiwe kwa jiwe kwa vipimo, hupigwa picha, na viraka vya chokaa ya baadaye huandikwa mbali na kazi ya mwanzo. Kazi hii haina marudio. Tabaka likishachimbwa limekwisha, na kinachobaki ni daftari tu.

Na madaftari yamesema nini? Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti midogo ya miti, mmoja juu ya mwingine, ya mwanzo kabisa ikiwa ya karne ya 8. Jiwe lilikuja baadaye, mahali pale pale, kwa jamii ile ile iliyokuwa ikikua. Hapa Pemba, Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher walichimba Tumbe na Chwaka. Tumbe ilikuwa makazi makubwa tangu karne ya 7 hadi ya 10, yenye vyombo vya udongo vya kienyeji kwa wingi pamoja na vya ng'ambo. Chwaka ikainuka jirani yake katika karne ya 11, na pembeni mwa misikiti yake ya mawe watu wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo. Hata mabaki ya chakula yalichambuliwa: uwele wa Tumbe uliupisha mpunga wa Chwaka. Huyo ndiye mwenye ukuta, ndugu zangu: mkulima wa mpunga, mvuvi na baharia.

Wapo watakaotutajia uchunguzi wa mifupa uliotangazwa mwaka 2023, ulioonyesha kwamba baadhi ya waliozikwa katika miji ya pwani walikuwa na nasaba ya Uajemi kwa upande wa baba na ya Afrika kwa upande wa mama, mchanganyiko ulioanza kiasi cha mwaka 1000. Hatuukatai. Pwani haikuwahi kufunga mlango. Lakini aliyeoa katika mji uliokwisha kusimama hawi mwasisi wa mji huo, na Tumbe ilikuwa imeishi karne tatu kabla ya harusi hizo.

Lililo la aibu ni hili: sehemu kubwa ya ushahidi huu imeandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwalimu wa Konde hana njia ya kuyapata. Hata kitabu kinene juu ya ulimwengu wa Waswahili kilichotolewa mwaka 2018 kimeandikwa kwa lugha hiyo hiyo. Mimi nilikaa chuo kikuu miaka mitatu nikatoka na Pearce kichwani, bila kusikia jina la Tumbe hata mara moja. Siwalaumu wachimbaji, wamefanya kazi waliyoijia. Nawalaumu wasomi wetu, nami nimo, tunaojua kutafsiri risala na mikataba lakini hatujaona haja ya kutafsiri ukuta.

Kwa hiyo masharti ya kibali cha kuchimba yawe wazi. Kila mchimbaji akabidhi, pamoja na michoro na vigae, taarifa ya Kiswahili inayosomeka na mwalimu wa darasa la saba. Nakala moja ikae katika Makumbusho ya Pemba, Chake Chake, nyingine ofisi ya wilaya Micheweni, na nyingine zifike skuli za Tumbe, Konde na Msuka kabla udongo haujarudishwa shimoni.